Pikipiki za zamani Ufaransa zingali na kizuizi cha nguvu

ANAYENUNUA pikipiki kubwa ya zamani nchini Ufaransa huenda akagundua kwamba injini yake imebanwa. Tangu miaka ya 1980 hadi mwisho wa 2015, sheria ya huko haikuruhusu pikipiki ipite nguvu za farasi 100, ingawa hizo zatosha kabisa kumwua dereva mzembe.

Injini haikubadilishwa, njia ya hewa ilifanywa nyembamba, au kabureta ikazuiwa isifunguke kikamilifu.

Mwaka 2016 kizuizi kiliondolewa, lakini kwa pikipiki zenye breki za ABS, ambazo huzuia magurudumu kukwama. Zisizokuwa nazo zingali na kikomo kile kile. Anayeifungua yake kisiri huendesha chombo kisicholingana na cheti chake, na ajali ikitokea atakuwa na mengi ya kuieleza kampuni ya bima.