Je, Wajua? Lundo la Mboji Hupumua

Chukua fimbo ndefu iliyochongwa ncha, ichomeke kwa mshazari mpaka katikati ya lundo la mboji lililojengwa siku nne zilizopita, iache humo kidogo, kisha ichomoe na uikamate pale pale kwa kiganja. Kama lundo limejengwa vizuri, utaiachia haraka. Katikati ya yale maganda, majani na samadi, joto hufika nyuzijoto 55 hadi 65 za Selsiasi, wala si kazi ya jua: lundo lililo chini ya kivuli cha mwembe huchemka pia. Wakulima wengi wa Kenya na Tanzania waliopitia mafunzo ya kilimo hai huiacha fimbo hiyo ndani ya lundo muda wote na kuikagua kila baada ya siku chache. Ikitoka ya moto na yenye unyevu, kazi inaendelea. Ikitoka kavu, au imeshika ukungu mweupe wa unga, lundo lina kiu. Ikitoka baridi na imelowa chapachapa, hewa imekosekana.

Joto hilo hutokana na pumzi. Gramu moja tu ya mboji inayooza huweza kubeba bakteria wanaokaribia bilioni moja, na kila mmoja wao anafanya kile unachofanya wewe ukishamaliza kula ugali: anachukua sukari, anaichoma kwa oksijeni, anatoa kaboni dioksaidi, maji na joto. Joto la bakteria mmoja halina maana. La mabilioni kwa mabilioni waliobanana mahali pamoja, huku safu za nje za majani zikilizuia lisitoke, linatosha kuivisha yai.

Hapo ndipo penye siri ya ukubwa, ambayo wengi huikosa na kudhani wamekosea viungo. Joto huzalishwa na ujazo wote wa lundo lakini hupotelea kwenye uso wake wa nje. Ukiongeza urefu, upana na kimo mara mbili, uso huongezeka mara nne, ila ujazo huongezeka mara nane. Ndiyo maana lundo la mita moja kila upande ndilo dogo kabisa linaloweza kuchemka lenyewe kwa uhakika, na kijilundo cha goti kitaoza, sawa, lakini polepole na bila joto la kuua mbegu za magugu. Upande wa pili nao una mpaka wake: likipita mita moja na nusu kwenda juu, lundo hujibana kwa uzito wake na kujinyima hewa chini.

Kuna ndege wa Australia anayeijua hesabu hii bila kufundishwa. Anafanana kidogo na bata mzinga, na dume lake hukusanya majani na udongo hadi lundo lifike tani kadhaa. Jike hutaga humo na kwenda zake, na mayai huatamiwa na joto la kuoza. Dume huchomeka mdomo ndani kupima: joto likizidi hufukua, likipungua huongeza majani, na kwa namna hiyo hulishikilia karibu na nyuzijoto 33 hadi 35 kwa wiki nyingi. Sijui kiumbe mwingine anayenistaajabisha kuliko huyo katika habari nzima ya mboji.

Ndani ya lundo letu wafanyakazi hawafanani kuanzia mwanzo hadi mwisho. Wanaoanza ni bakteria wa joto la kawaida, na hukimbilia kilicho laini: sukari, wanga, protini. Katika siku mbili tatu huwa wamelipasha lundo kupita nyuzijoto 45, na hapo wanashindwa kuishi ndani ya joto walilolitengeneza wenyewe. Nafasi yao huchukuliwa na jamii inayopenda joto kali. Likidumu juu ya nyuzijoto 55 kwa siku kadhaa, mbegu nyingi za magugu, mayai ya minyoo na vimelea vingi vya magonjwa ya mimea hufa. Likipita 70, hata wale wapenda joto huanza kufa, na huo ni wakati wa kupindua bila kusubiri.

Chakula laini kikiisha, lundo hupoa, na ndipo kuvu na aktinomaiseti, jamii ya bakteria, hushika zamu. Ukifukua utawaona aktinomaiseti kwa macho: nyuzi za kijivu na nyeupe zilizotandaa juu ya majani. Hawa ndio wenye meno ya kutafuna selulosi ya mabua, na baadhi ya kuvu huenda mbali zaidi wakaimega lignini, ile inayoufanya mti uwe mgumu. Ni aktinomaiseti pia wanaotoa geosmini, kemikali inayoipa mboji iliyoiva harufu yake ya udongo. Ni ile ile unayoinusa mvua ya kwanza inapogusa ardhi kavu, na pua ya binadamu ni kali ajabu katika kuitambua, hata ikiwa chembe chache tu katika trilioni. Na katika jamii hii ya viumbe, kwenye maabara ya Selman Waksman, mtaalamu wa udongo aliyekuwa ameandika kitabu kizima juu ya mboji, kule New Jersey, Marekani, mwanafunzi wake Albert Schatz alipata mwaka 1943 dawa ya streptomaisini, ya kwanza iliyofaa kutibu kifua kikuu.

Kinachofuata ndicho kinachowakatisha tamaa wanaoanza: nini kichanganywe na nini, na kwa kiasi gani. Vijidudu vinahitaji kaboni ya kuchoma na nitrojeni ya kujenga miili yao, na hufanya kazi vizuri kabisa vikipata kaboni 25 hadi 30 kwa kila nitrojeni 1. Kinyesi cha kuku kina karibu 10 kwa 1, samadi ya ng'ombe 20 hivi, mabaki ya mboga ya jikoni kati ya 15 na 20. Mabua makavu ya mahindi yako kwenye 60, na unga wa mbao unaozolewa kwa seremala hupita 200. Kwa hiyo ndoo ya maganda ya ndizi na mabaki ya mchicha peke yake haitakuwa mboji. Itakuwa uchafu unaonuka, kwa sababu nitrojeni iliyozidi hugeuka amonia na kupaa hewani. Na kiroba cha unga wa mbao peke yake kitakaa mwaka mzima hakijabadilika rangi.

Huna haja ya mizani. Kwa kila ndoo ya kibichi, weka ndoo mbili au tatu za kikavu kilichokatwakatwa, halafu iulize pua. Harufu ya amonia, ile ya banda la kuku lisilosafishwa, inadai kikavu zaidi. Harufu ya yai viza inadai hewa, kwa hiyo pindua. Ukikosa samadi, tafuta alizeti mwitu, ile yenye maua ya njano inayoota kando ya barabara magharibi mwa Kenya, Uganda na nyanda za juu za Tanzania. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati, na watu wengi huifyeka na kuichoma, hali majani yake yakikaushwa huwa na nitrojeni ya karibu asilimia 3.5, kiasi cha kuyashinda majani mengi ya porini.

Maji hupimwa kwa ngumi. Chota konzi ya mchanganyiko kutoka ndani, si juu, uiminye kwa nguvu zako zote. Yakidondoka matone mawili matatu kati ya vidole, na ukifungua kiganja donge linabaki bila kusambaratika, unyevu umekaa sawa, yaani asilimia 50 hadi 60. Maji yakichuruzika, matundu yote ya hewa yameshajaa maji. Donge likivunjika, mwagia. Kwa ajili hiyo mahali penye ukame, Dodoma kwa mfano, au Kitui, ni heri kuchimba shimo la kina kifupi ili unyevu usikimbie. Bukoba au Kisii, ambako mvua haiishi, jenga juu ya ardhi, tandika matawi chini ili hewa ipite, na ufunike kwa majani ya mgomba.

Kupindua ndiyo kazi ngumu, na sitaipamba. Ni jembe uma, ni mgongo, na mvuke unaokufuka usoni. Lakini kila unapokileta ndani kilichokuwa nje, unakipa joto kilichokuwa kimelikosa, na joto hupanda upya katika siku moja au mbili. Anayepindua kila wiki mbili au tatu hupata mboji katika miezi miwili hadi mitatu. Asiyepindua kabisa ataipata pia, baada ya nusu mwaka au zaidi, na mbegu za magugu zikiwa hai.

Kuhusu chanzo cha ujuzi huu, vitabu vingi humtaja Albert Howard, Mwingereza aliyefanya kazi Indore, India, kati ya 1924 na 1931 na kuipanga njia ya tabaka za mabua, samadi na majivu iliyobeba jina la mji huo. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 ilikuwa imeshafika kwenye mashamba ya kahawa ya Kenya, karibu na Kiambu. Howard mwenyewe alikiri kwamba walimu wake walikuwa wakulima wa India na Uchina. Kwa wakati huo huo, kwenye miteremko mikali ya Mbinga, mkoani Ruvuma, Wamatengo walikuwa na ngoro zao tangu zamani. Nyasi hufyekwa, hulazwa kwa mistari inayokatana mpaka mlima mzima unakuwa miraba, kisha udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kufunika nyasi pande zote. Linabaki shimo la kunasa maji ya mvua, limezungukwa na matuta ambamo nyasi zinaoza taratibu huku maharage yakiota juu yake. Hakuna anayebeba samadi kupanda mlima, na hakuna anayepindua chochote: mboji inatengenezwa pale pale itakapotumika. Njia hiyo imevuka karne moja na bado inalisha watu. Inastahili kufundishwa shuleni kabla ya ile ya Indore.

Tukirudi kwenye lundo la nyumbani, usitie humo nyama, samaki, mifupa wala mafuta ya kupikia. Vyote huoza, ila huita panya na mbwa kwanza. Kinyesi cha paka na mbwa kiache kabisa kwa sababu ya vimelea. Majivu ya kuni yatie kidogo, konzi moja moja. Hatari isiyozungumzwa vya kutosha ni majani na samadi kutoka malisho yaliyopigwa dawa ya magugu aina ya aminopiralidi: dawa hiyo hupita tumboni mwa ng'ombe na ndani ya lundo ikiwa bado na nguvu, na nyanya na maharage yako yatajikunja majani na kudumaa. Mwulize mwenye ng'ombe kabla hujabeba kiroba. Na kwa watu wa pwani wenye minazi, funza wanono weupe waliojikunja ndani ya lundo wakaguliwe, maana yule mbawakawa mwenye pembe anayetoboa vilele vya minazi hupenda kuzaliana kwenye takataka zinazooza. Wapindulie kuku, watawamaliza.

Mwenye chumba cha kupanga na varanda tu hatapata mita moja kila upande, na asijilaumu. Ndoo ya lita 20 iliyotobolewa matundu haitachemka, hivyo kazi apewe minyoo wekundu wa mboji, ambao hula maganda na kuacha kinyesi kizuri kuliko mboji nyingi. Kazi yao ina maana kubwa kuliko ukubwa wa ndoo, kwa kuwa zaidi ya nusu ya taka za nyumbani katika miji yetu ni vitu vya kuoza. Vikirundikana bila hewa kwenye majalala makubwa, kama Dandora ya Nairobi iliyotangazwa kujaa tangu 2001, hutoa methani, gesi ambayo kwa uzito ule ule hunasa joto la dunia zaidi ya mara 25 kuliko kaboni dioksaidi ndani ya miaka 100.

Nisikudanganye kuhusu rutuba. Urea ina nitrojeni asilimia 46. Mboji nzuri ina 1 au 2, na sehemu kubwa yake hutoka polepole kwa misimu kadhaa. Mwenye ekari kumi za mahindi hatazilisha kwa lundo la uani. Mboji ina kazi nyingine: hushika maji kwenye mchanga wa pwani yasizame moja kwa moja, hufungua udongo wa mfinyanzi, na huzuia hata hiyo urea isisombwe na mvua kabla mizizi haijaifikia. Mboji ni mfugo unaokua nyuma ya nyumba, nawe unaulisha, unaunywesha na kuupa hewa. Mazao yake ni udongo wenyewe.

Ikishakuwa nyeusi, imepungua hadi nusu au chini ya hapo, na haipati joto tena hata ukiipindua, ijaribu kabla ya kuipeleka shambani. Jaza kopo, panda mbegu za mchicha, na kando yake panda nyingine kwenye udongo wa kawaida. Zikiota sawasawa, imeiva. Zikichelewa au zikigeuka njano, ifunike kwa turubai na uiache mwezi mwingine. Kisha tandaza unene wa vidole viwili juu ya tuta, uichanganye kidogo na udongo wa juu, na upande siku hiyo hiyo ukitaka.