KUREJEANA BAADA YA TALAKA: KISA CHA MA'QIL BIN YASAR NA MAFUNZO YAKE

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba wake wote.

Ama baad. Ndugu msomaji, miongoni mwa mambo yaliyoenea katika jamii zetu ni kuidhania talaka kuwa ni kaburi: aliyekwisha ingia humo hatoki. Mume akitamka neno, au akiandika karatasi, au akituma ujumbe wa simu, mke hufungasha siku ileile na kurudi kwao. Wazee wa upande wa mke huapa kwamba mtu yule hatakanyaga tena mlangoni kwao. Wazee wa upande wa mume nao huanza kumtafutia mwingine. Baada ya mwezi mmoja hasira zimekwisha, wawili wale wanatamaniana, watoto wanauliza, lakini hakuna anayethubutu kusema neno kwa kuogopa maneno ya watu.

Je, hivi ndivyo Sharia ilivyotaka? Makala hii inaeleza hukumu za mume na mke kurejeana, kwa kupitia visa vilivyothibiti vya watu wa mwanzo, ambao nao waligombana, wakaachana, wakajuta, na wengine wakarudiana.

TALAKA KABLA YA KUWEKEWA MPAKA

Waarabu wa zama za ujahilia walikuwa na talaka na walikuwa na rejea, lakini havikuwa na mpaka. Imam Malik katika Muwatta amepokea kutoka kwa Urwa bin Zubair kwamba mtu alikuwa na uwezo wa kumwacha mkewe na kumrejea kabla ya kwisha eda, hata kama angefanya hivyo mara elfu. Akatokea mtu mmoja aliyemwambia mkewe kwamba hatamweka kama mke na wala hatamwachilia akaolewe na mwingine. Kila eda inapokaribia kwisha atamrejea, kisha atamwacha tena. Tirmidhi naye ameipokea habari hii, na ndani yake mna kwamba mwanamke yule alikwenda kumshitakia Bibi Aisha (r.a.). Hapo ndipo ilipoteremka aya ya 229 ya Sura ya Al-Baqara, inayoweka mpaka: talaka yenye kurejewa ni mara mbili, na baada yake ni kukaa kwa wema au kuachana kwa hisani.

Hapa pana jambo la kuzingatia. Aya hii ina pande mbili. Imemwachia mwanamume nafasi ya kurudi, kwa kuwa binadamu hukasirika na kukosea. Na imeifanya nafasi hiyo iwe na idadi, ili isigeuzwe kuwa silaha ya kumtesea mwanamke.

EDA NI MUDA WA KUFIKIRI

Mwanamke aliyeachwa talaka ya kwanza au ya pili, naye ameshaingiliwa na mumewe, na talaka hiyo si ya kujivua kwa malipo (khului), huitwa mwenye talaka rejea. Eda yake ni quruu tatu. Kwa Imam Shafi na Imam Malik maana ya quruu ni twahara, na kwa Imam Abu Hanifa ni hedhi. Asiyepata hedhi eda yake ni miezi mitatu, na mwenye mimba eda yake ni mpaka ajifungue.

Muda wote huo ndoa haijakatika kabisa. Mume analazimika kumlisha na kumpa makazi. Akifa mmoja wao, mwingine anarithi. Na aya ya kwanza ya Sura ya At-Talaq imekataza jambo ambalo kwetu limekuwa ndiyo ada, nalo ni kumtoa mwanamke nyumbani. Mume asimtoe, na yeye mwenyewe asitoke, isipokuwa kwa sababu iliyotajwa humo ya uchafu ulio wazi. Mwisho wa aya imetajwa hekima yake: huenda Mwenyezi Mungu akazusha jambo baada ya hayo. Wafasiri wengi wamesema jambo hilo ni kurejeana. Kweli, katika madhehebu ya Shafi haifai mume kukaa naye faragha kabla ya kumrejea, bali kila mmoja awe na chumba chake. Lakini watu waliomo katika nyumba moja husikiana, huonana, na moyo hulainika. Anayemfungashia bintiye virago siku ya talaka amekivunja kile kidaraja ambacho Sharia ilikijenga kwa makusudi.

NAMNA YA KUREJEA

Ndani ya eda, rejea haihitaji mahari mpya wala walii. Kwa Imam Shafi rejea haipatikani ila kwa tamko, kama vile mume kusema: "Nimekurejea", au "Nimekurudisha katika ndoa yangu". Kwa Mahanafi hupatikana kwa tamko na kwa kitendo pia, na kwa Maliki kitendo kinatosha kikiwa pamoja na nia. Kushuhudisha watu wawili kumeamrishwa katika aya ya pili ya Sura ya At-Talaq. Wengi wamesema ni sunna, na kauli mashuhuri katika madhehebu ya Shafi ni hiyo. Kwa hali ya zama zetu ni vyema mno kushuhudisha, maana huweza kutokea mume akadai alirejea na mke akakana.

Rejea ndani ya eda haishurutishwi ridhaa ya mke. Hata hivyo aya ya 228 ya Al-Baqara imeifungamanisha haki hii na kutaka suluhu, na aya ya 231 imekataza kumrejea mwanamke kwa nia ya kumdhuru. Wanavyuoni wengi wamesema anayerejea kwa nia hiyo rejea yake itasihi, lakini amepata dhambi. Na mwanamke anayedhurika mlango wa kadhi uko wazi kwake.

KISA CHA MA'QIL BIN YASAR

Ikiwa eda imekwisha na mume hakurejea, je, mambo ndiyo yamekwisha? Hapa ndipo kinapokuja kisa cha Sahaba Ma'qil bin Yasar (r.a.), ambacho Bukhari amekipokea kutoka kwake mwenyewe.

Ma'qil alikuwa na dada yake, akamwozesha kwa mtu mmoja. Mtu yule akamwacha, na hakumrejea mpaka eda ikaisha. Kisha akaja kumposa upya. Ma'qil akaghadhibika. Alimkumbusha kwamba alimwozesha dada yake na kumkirimu kwa hilo, naye akamwacha; sasa anarudi kumtaka! Akaapa kwa Mwenyezi Mungu kwamba dada yake hatarudi kwake kamwe.

Ndugu msomaji, tusimwone Ma'qil kuwa ni mtu mbaya. Alikuwa kaka anayeilinda heshima ya dada yake, na kila mwenye dada au binti anayajua machungu yale. Lakini yeye mwenyewe, katika kusimulia, ameongeza maneno mawili yanayobadilisha kisa chote: kwamba mtu yule hakuwa na ubaya, na kwamba mwanamke mwenyewe alikuwa anapenda kurudi kwake.

Hapo ikateremka aya ya 232 ya Sura ya Al-Baqara, ikiwakataza mawalii kuwazuia wanawake waliomaliza eda wasiolewe na waume zao, iwapo wameridhiana wao kwa wao kwa wema. Ma'qil alipoisikia hakubishana. Alisema sasa atafanya, na akamwozesha dada yake kwa mtu yuleyule aliyekuwa ameapa kumnyima. Na katika baadhi ya mapokezi, alitoa kafara ya kiapo chake.

MAFAQIHI WAMETOA NINI HUMO?

Kwanza, eda ikisha, mume wa talaka ya kwanza au ya pili ni kama mposaji mwingine yeyote. Hakuna tena kumrejea kwa neno lake peke yake. Panahitajika ridhaa ya mwanamke, walii, mashahidi na mahari mpya. Lakini hesabu ya talaka zilizopita inaendelea: aliyekwisha acha mara moja amebakiwa na mbili.

Pili, Imam Shafi ameitegemea aya hii kuwa ni dalili ya wazi kabisa ya kushurutishwa walii, kwani kama mwanamke angeweza kujiozesha, kuzuia kwa Ma'qil kusingekuwa na athari yoyote. Wanavyuoni wa Kihanafi wamejibu kwamba aya imekinasibisha kitendo cha kuoana na wanawake wenyewe, na hiyo ni dalili kwamba mwanamke mtu mzima mwenye akili anaweza kujiozesha. Kila upande una hoja zake zinazojulikana.

Tatu, na hili wamekubaliana, ni haramu kwa walii kumzuia mwanamke kuolewa na mtu anayelingana naye aliyemridhia. Wanavyuoni hukuita kuzuia huku adhli. Kwa madhehebu ya Shafi walii akishikilia kuzuia, kadhi ndiye humwozesha. Kwa hiyo baba au kaka anayesema "nikiwa hai hamrudi" ajue kwamba uwalii ni amana ya kumtunza mwanamke, na hakupewa ili alipie kisasi chake.

Nne, kiapo hakizuii wema. Mwenye kuapa kisha akaona jambo jingine ni bora zaidi, afanye lililo bora na atoe kafara ya kiapo chake. Hivyo ndivyo Mtume (s.a.w.) alivyofundisha katika hadithi sahihi.

MLANGO UNAPOFUNGWA

Nafasi hizi zina mwisho. Baada ya talaka ya tatu mwanamke si halali kwa mume wa kwanza mpaka aolewe na mume mwingine ndoa ya kweli, wakutane, kisha waachane kwa talaka au kifo na eda ipite. Mke wa Rifaa Al-Quradhi alitaka kurudi kwa Rifaa akiwa ameolewa na mtu wa pili ambaye hawakukutana, na Mtume (s.a.w.) hakumruhusu, kama walivyopokea Bukhari na Muslim. Ama ndoa ya kupangwa ili kumhalalisha mwanamke tu, Mtume (s.a.w.) amemlaani mwenye kuifanya na mwenye kufanyiwa.

Kwa ajili hii wanavyuoni wamelizungumza sana suala la talaka tatu kwa tamko moja. Rai ya madhehebu manne ni kwamba zinapita tatu. Ibn Taymiyya (aliyefariki mwaka 728 Hijria, sawa na 1328) na mwanafunzi wake Ibn Al-Qayyim wamesema ni moja, wakitegemea hadithi ya Ibn Abbas iliyomo katika Sahihi Muslim. Misri iliifuata rai hii katika sheria yake namba 25 ya mwaka 1929. Aliyepatwa na jambo hili asijitolee fatwa mwenyewe, bali amwendee mwanachuoni au kadhi. Na ambaye bado hajapatwa, aulinde ulimi wake.

WASULUHISHI WAWILI

Aya ya 35 ya Sura ya An-Nisaa imeamrisha kutumwa msuluhishi mmoja kutoka kwa jamaa wa mume na mmoja kutoka kwa jamaa wa mke panapohofiwa mfarakano. Tazama ilivyotekelezwa katika ukhalifa wa Uthman (r.a.). Aqil bin Abi Talib alikuwa amemwoa Fatima bint Utba. Baba yake Utba na ami yake Shayba waliuawa katika vita vya Badr wakiwa upande wa Makureshi. Kila Aqil alipoingia kwake, Fatima alimuuliza: yuko wapi Utba, yuko wapi Shayba? Siku moja Aqil aliingia amechoka, akamjibu kwamba atawaona kushotoni kwake atakapoingia Motoni. Fatima akakusanya nguo zake akaenda kwa Uthman.

Uthman alicheka, kisha akawatuma Ibn Abbas, binamu wa Aqil, na Muawiya, mtoto wa dada yake Fatima. Ibn Abbas alikwenda akiwa na rai ya kuwatenganisha. Muawiya akasema hawezi kuwatenganisha wazee wawili wa ukoo wa Abdi Manaf. Walipofika waliwakuta wawili wale wamejifungia mlango, wamekwisha patana, nao wakarudi zao.

Mafaqihi wamehitilafiana iwapo wasuluhishi wana mamlaka ya kutenganisha. Imam Malik amesema wanayo, kwa kuwa wao ni mahakimu. Abu Hanifa, na Shafi katika kauli yake yenye nguvu, wamesema ni mawakili tu, hawatenganishi ila kwa idhini. Kwa ndugu zetu wa Tanzania Bara, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo kwa kawaida inataka mgogoro upite kwanza katika baraza la usuluhishi kabla ya shauri la talaka kufika mahakamani. Basi baraza lisifanywe kuwa mahali pa kupigiwa muhuri tu, ilhali Sharia imelifanya kuwa mahali pa kutibu.

SULUHU SI KULAZIMISHANA

Tumalizie kwa kisa cha Barira, ili maneno haya yasifahamike vibaya. Barira alikuwa mjakazi, akaachwa huru naye ni mke wa mtumwa aitwaye Mughith. Akapewa hiari, naye akachagua kuachana. Ibn Abbas anasimulia katika Bukhari kwamba Mughith alikuwa akimfuata nyuma katika njia za Madina huku machozi yakimtiririka ndevuni. Mtume (s.a.w.) akamwambia Barira laiti angerudi kwake. Barira akauliza kama hiyo ni amri. Mtume (s.a.w.) akajibu kwamba yeye anamwombea tu. Barira akasema hana haja naye. Mambo yakaishia hapo. Hakukemewa wala hakulaumiwa.

Visa viwili hivi vina mizani moja. Dada yake Ma'qil alitaka kurudi, na Qur'ani ikamkataza kaka yake kumzuia. Barira hakutaka kurudi, na hata maombezi ya Mtume (s.a.w.) hayakugeuzwa kuwa amri juu yake. Kazi ya jamaa ni kuufungua mlango na kuuweka wazi. Kumsukuma mtu kuingia, au kuupiga kufuli akiwa anataka kuingia, si kazi yao.

Basi mwenye binti au dada aliyeachwa, kabla ya kuapa, na amuulize yeye mwenyewe anataka nini. Tunamwomba Mwenyezi Mungu azisuluhishe nyumba zetu na atujaalie kuwa funguo za kheri. Wallahu aalam.