"Have" si ya leo tu: kweli na si kweli kuhusu wakati uliopita wa Kiingereza

Burumba, kandokando ya mpaka wa Busia, mtu huamka na lugha ya nyumbani, akauza na kununua kwa Kiswahili, kisha akajaza fomu ya mizigo kwa Kiingereza. Vitenzi humkwama hapo kwenye fomu, na mara nyingi wa kulaumiwa ni kanuni alizokaririshwa.

"Have" ni ya leo, "did" ni ya zamani. Si kweli. Kanuni hii hushika mizizi hapa kwa sababu ina mantiki ya nyumbani: Kiganda, ng'ambo tu ya lango, hutenga umbo la lililotokea karibuni na la lililotokea zamani, na lugha za Waluhya vilevile. Kiingereza hakipimi umbali huo. Dereva aliyeingia sasa hivi huandika "I arrived two minutes ago". Mama aliyefika Kampala mara moja tu, miaka thelathini iliyopita, husema "I have been to Kampala", na yuko sahihi. La kujiuliza ni hili: nimetaja wakati uliokwisha? Ukishataja jana, Jumatatu au mwaka fulani, "have" haina nafasi. Kituo cha pamoja cha mpakani Busia kilizinduliwa rasmi 2018, basi ni "was launched in 2018". Lakini ninaishi Burumba tangu 2018, na bado nipo: "I have lived in Burumba since 2018", wala si "I am living".

-me- ni "have". Nusu kweli, na nusu iliyobaki ndiyo inayowaponza wanafunzi. Lori limefika, "the lorry has arrived", sawa kabisa. Ila turniboi amelala ni "is asleep". Amevaa koti ni "is wearing". Amesimama getini ni "is standing". Kiambishi chetu hueleza pia hali aliyomo mtu sasa hivi. Mtoto anayeandika "he has worn a red coat" amefuata Kiswahili chake kwa uaminifu, bila kuonyeshwa kuwa -me- ina kazi mbili. Walimu, tafadhali, anzeni hapo, kabla ya majedwali ya vitenzi.

"Had" ni ya zamani sana. Si kweli. "I had come to Busia in 1998", ikisimama peke yake, humwacha msomaji akingoja jambo la pili. Lori lilikuwa limeondoka nilipofika: "the lorry had left when I arrived". Mawili yametokea, moja likatangulia, hata kama ni asubuhi ya leo. Kiswahili kinapanga matukio vivyo hivyo, kwa hiyo hapa kitumie bila woga.

"Already" lazima iandamane na "have". Inategemea nchi. Mmarekani husema "I already ate" na hana kosa. Mwingereza kwa kawaida husema "I've already eaten". Shule za Kenya hufuata mapokeo ya Uingereza, kwa hiyo kwenye karatasi ya KCSE weka "have".