Mali Bila Daftari

Tuseme umetunga programu ya kuonyesha nyakati za maji kujaa na kupwa, ili abiria wa Faza wajue lini mashua itapita Mkanda. Mwenzako aiona, ataka kuirekebisha aigawe. Je, ana ruhusa? Hana! Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, programu hulindwa kama kitabu. Ukishaiandika tu, ni yako. Kuiacha wazi si kuruhusu. Hata dau lililofungwa ufuoni lina mwenyewe.

Dawa yake ni leseni. MIT yasema: tumia, badili, hata uza, ila usifute tangazo lenye jina langu. GPL yaongeza sharti: ukiigawa uliyoibadili, mpe mpokeaji na msimbo wake, kwa leseni hii hii. Ukitaka marekebisho ya watu yabaki ya wote, shika GPL. Ukitaka isambae tu, MIT yatosha.

Kuiweka si kazi. Kwanza, mliotunga pamoja mkubaliane. Kisha nakilini leseni nzima, bila kubadili sharti, katika faili iitwayo LICENSE ndani ya folda ya programu. Kwa MIT, jazeni mwaka na majina. Basi! Mali bila daftari hupotea bila habari.