Mwenye Nguvu Mpishe, Naye Je, Apishe?

Wahenga walinena kuwa mwenye nguvu mpishe. Methali hiyo nimeifundisha miaka mingi bila wasiwasi, hadi mwanafunzi mmoja aliponiuliza: "Mwalimu, na huyo mwenye nguvu, naye aweza kupisha?" Swali hilo lilinikumbusha sumo, mieleka ya Wajapani.

Katika sumo, atokaye nje ya ulingo wenye kipenyo cha mita 4.55, au agusaye chini kwa kiungo kingine ila nyayo, ameshindwa. Chama cha Sumo cha Japani kinatambua mbinu 82 za ushindi. Mojawapo ni hatakikomi: mpinzani akujiapo kwa kishindo, kichwa kimeinama, wampisha kando, wamkandamiza kwa kiganja begani au mgongoni, naye anaangushwa na kasi yake mwenyewe. Ni halali kabisa.

Machi 2017, mjini Osaka, siku ya 14 ya mashindano, Terunofuji, mzaliwa wa Mongolia aliyekuwa na cheo cha ozeki, cha pili kwa ukubwa, alimwangusha Kotoshogiku kwa mbinu hiyo. Kotoshogiku alikuwa akipigania kurejeshewa cheo hicho hicho. Matumaini yake yakazimika pale pale. Watazamaji wakazomea. Baadhi yao wakamtaka mshindi arudi kwao Mongolia.

Matusi hayo yalikuwa aibu ya waliyoyatamka. Isitoshe, sheria haikuvunjwa, na goti la Terunofuji lilikuwa bovu. Hata hivyo, kesho yake, akihitaji ushindi mmoja tu atwae ubingwa, alishindwa mara mbili na Kisenosato, ambaye mwenyewe alikuwa majeruhi.

Baadaye magoti na maradhi yalimteremsha Terunofuji hadi daraja la tano kati ya sita. Mwaka 2019 akaanza upya huko chini, na mwaka 2021 akawa yokozuna, cheo cha juu kabisa. Naam, hakuna kofi moja liwezalo kumpandisha mtu ngazi zote hizo.

Basi mwanafunzi wangu nilimjibu hivi: mwenye nguvu aweza kupisha, na pengine atashinda. Vivyo hivyo, anayebahatisha maswali ya mtihani na kukariri majibu yake pekee hajavunja sheria, na huenda akapasi. Lakini somo alilolipisha halikuondoka. Linamngoja mbele ya safari, na siku hiyo huenda pasiwe na nafasi ya kusogea kando.