AJALI HAINA KINGA? MIMI SIKUBALI

Kila linapotokea jambo barabarani, utawasikia watu wazima wakitikisa vichwa na kusema, "Ajali haina kinga." Nami nilikuwa nikiitikia hivyo hivyo. Nawaheshimu wahenga, na hakika ziko ajali zisizo na kinga, mathalani mti ukiangukia gari wakati wa mvua. Lakini tangu likizo ya Desemba mwaka juzi methali hiyo hainiingii tena, na nitawaeleza kwa nini.

Tulikuwa kwenye barabara ya Machakos kwenda Wote, mjomba na mimi, ndani ya pikapu iliyojaa maembe. Saa nane mchana, lami kavu, gari zima, breki nzima. Mjomba hanywi pombe wala hapendi mbio, na leseni aliipata kabla sijazaliwa. Simu yake ilikuwa juu ya dashibodi. Ikalia mlio wa ujumbe. "Hebu niangalizie hiyo," akaniambia. Kumbe ni picha ya mtoto wa mama mdogo, amejipaka uji uso mzima. Nikacheka. Mjomba akauliza kuna nini. Badala ya kumweleza kwa maneno, nikamwekea ile simu karibu na usukani ajionee. Naye akacheka. Tulipoinua macho, mvulana mmoja mwenye baiskeli iliyobeba mitungi miwili ya maji alikuwa tayari mbele ya boneti.

Alipona. Nalisema hilo mapema ili msomaji asikae roho juu. Alivunjika mguu juu ya goti, akalala hospitalini wiki kadhaa, akakosa masomo ya muhula mzima wa kwanza. Mjomba alikwenda kituo cha polisi, akaandikisha taarifa na kukiri kosa. Mimi hakuna aliyeniuliza kitu. Katika taarifa ile simo kabisa, na ndiyo maana nimeomba nafasi katika jarida hili.

Tufanye hesabu kidogo, hata wale mnaoikimbia fizikia. Gari likienda kilomita 80 kwa saa, linapita mita 22 kila sekunde. Kutazama picha na kucheka kulituchukua, tuseme, sekunde tatu. Hizo ni mita 66, zaidi ya nusu ya uwanja wetu wa kandanda, na gari limezipita bila dereva! Na hapo hata breki haijaguswa. Mtu akiona hatari, sekunde moja au moja na nusu hupotea kabla mguu haujafika kwenye breki, kisha gari lenyewe lahitaji zaidi ya mita 30 nyingine ili lisimame kwenye lami kavu. Mvua ikinyesha, ongeza. Mvulana yule hakutokea ghafla, bwana. Alikuwa barabarani muda wote. Sisi ndio hatukuwapo.

Watu wengi hudhani hatari ni macho na mikono tu: dereva anayeandika ujumbe, anayeguguna hindi la kuchoma huku akishika usukani kwa goti, anayetafuta wimbo redioni. Hao twawaona na kuwalaani. Aliye hatari zaidi, kwa maoni yangu, ni yule ambaye macho yake yako barabarani na mikono iko usukanini, lakini akili imehamia kwingine, kwa sababu huyo hata mwenyewe hajijui. Mwaka wa 2001, David Strayer na William Johnston wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, waliwapa watu kazi ya maabara inayofanana na kuendesha gari, yenye taa za kuwasimamisha. Waliokuwa wakiongea kwa simu walizikosa taa mara mbili zaidi ya walivyozikosa walipokuwa hawaongei. Ajabu ni kwamba walioshika simu mkononi na waliotumia simu isiyoshikwa walikosea sawasawa. Waliosikiliza redio tu hawakuathirika hivyo. Kwa hiyo dere anapojigamba kwamba amevaa kile kidude cha masikioni, ati yuko salama, anajidanganya. Shirika la Afya Duniani nalo limeeleza kwamba dereva anayetumia simu huwa katika hatari ya kupata ajali karibu mara 4 kuliko asiyeitumia.

Sheria haikunyamaza. Kanuni zetu za makosa madogo ya barabarani za mwaka wa 2016 ziliweka faini ya shilingi 2,000 kwa dereva anayetumia simu gari likiwa mwendoni. Lakini askari hawezi kuketi katika kila gari. Anayeketi humo ni abiria, na abiria ndio sisi.

Hapa naomba tuambiane ukweli. Siku ya kufunga shule, basi likitoka tu getini, ni nani huanza? Nyimbo, kupiga mabati ya basi, kumtupia makanga maneno, na sauti kutoka viti vya nyuma: "Kanyaga dere! Ile ya mbele inatuacha!" Dereva hugeuza kichwa kucheka nasi, au kutukemea. Yote mawili ni kichwa kilichogeuka. Mimi mwenyewe nimewahi kuongoza nyimbo hizo, na nilikuwa na sauti nzuri kweli.

Wengi wetu katika Kidato cha Nne tumekaribia miaka 18, umri ambao sheria humruhusu mtu kuendesha gari dogo. Wachache wameshajifundisha kwa kuiba gari la baba kwenye njia ya shambani, jambo ambalo silisifu. Mimi nilianza masomo ya udereva Agosti iliyopita. Siku za kwanza hugusi gari. Kuna ubao mpana kama meza, umechorwa barabara, mizunguko na vivuko, nawe unasogeza kigari cha kuchezea ukieleza unakwenda wapi na nani apewe njia. Ni zoezi zuri, silidharau. Kasoro yake ni kwamba kwenye ubao ule simu hailii, wala hakuna binamu anayekuonyesha picha.

Nchini New Zealand waliliona tatizo hilo zamani. Tangu 1987 kijana huko hapewi uhuru wote kwa mkupuo mmoja. Kuna daraja la kati ambapo, bila mtu mzima mwenye leseni kando yake, hawezi kubeba abiria wala kuendesha kati ya saa nne usiku na saa kumi na moja alfajiri. Waligundua kwamba kijana mgeni wa usukani, gari likijaa wenzake, ni kama moto na petroli. Sisi tunaweza kujiwekea masharti hayo wenyewe: miezi ya kwanza ya leseni, hakuna kubeba kundi la marafiki, hata wakikuita mwoga.

Zoezi lililonifaa zaidi halihitaji gari. Mwalimu wetu wa udereva alituambia tukiketi mbele kama abiria tutaje kimoyomoyo kila kinachoweza kutuingilia njia: mtoto amesimama ukingoni, mpira unakuja na huenda mwenye mpira anaufuata, boda boda yataka kupinda na haijaonyesha ishara, mbuzi watatu upande huu na mmoja upande ule. Nilijaribu kutoka Machakos hadi nyumbani. Baada ya dakika kumi nilikuwa nimechoka kama niliyefanya mtihani. Ndipo nilipoelewa kwamba kuendesha gari ni kazi ya kichwa kizima, na hakuna kipande kinachobaki cha kucheka na picha. Tabia nyingine ni rahisi: simu izimwe na kuwekwa kwenye begi kiti cha nyuma kabla ya ufunguo kuzungushwa, vioo na kiti virekebishwe gari likiwa limesimama, njia ijulikane mapema. Simu ikiwa ni ya lazima, gari litolewe kabisa barabarani kwanza.

Mjomba sasa huitia simu yake ndani ya kile kisanduku kilicho mbele ya abiria, na mimi ndimi niketiye hapo. Likizo ya Aprili ililia mara mbili kabla hatujafika Wote. Hakuna aliyeuliza ni nani. Tulipofika karibu na kwao yule mvulana tulisimama kumwachia maembe, kama tunavyofanya kila tukipita. Alitutokea kwa miguu, akichechemea kidogo, akatusalimu vizuri. Mama yake alituambia baiskeli waliiuza, kwa kuwa hataki tena kuipanda.