Gari Fupi Lenye Paa la Juu: Pima Kichochoro Kabla Hujatuma Deposit

Wengi wetu tukitafuta gari la familia tunaanza na bei, halafu rangi, halafu tunauliza fundi. Leo tunaomba uanze na kichochoro chako. Kama mnaishi Kibokoni au nyuma ya Ndia Kuu, njia ya kufika kwenu ilikuwepo kabla gari lolote halijashushwa Kilindini. Ilitosha mtu, punda na mkokoteni. Ukinunua gari lisilopita hapo, utalilaza mbali kila usiku na kutembea na mtoto aliyelala begani na mifuko ya Marikiti mkononi. Na pesa imeshatoka.

Kwa hivyo chukua tepu, upime pale pembamba kabisa, ikiwemo ile kona yenye baraza la jirani. Usijidanganye kwamba tuktuk inapita. Tuktuk ina upana wa kama mita 1.3. Toyota Sienta na Honda Freed, ambazo ndizo watu huulizia sana, zote mbili zina mita 1.695, na hapo vioo vya pembeni havijahesabiwa.

Hiyo 1.695 haikutokea tu. Kule Japani gari likizidi upana wa mita 1.7 linapanda daraja la usajili, linahesabiwa na magari makubwa. Watengenezaji wakajibana humo humo, na kwa sababu hawangeweza kwenda pembeni, wakainua paa. Sienta iliyotoka 2015 ina urefu wa mita 4.235 na kimo cha mita 1.675. Freed iliyotoka 2016 ni mita 4.265 kwa 1.71. Kimo hicho ndicho kinachokufanya ukae wima, magoti yapate nafasi, na nyanya aingie kwa kujikalisha tu, si kuinama kama anaingia pangoni.

Kama mko wanne au watano, huna haja ya viti saba. Angalia Suzuki Solio au Toyota Roomy, zenye urefu wa kama mita 3.7 tu. Solio iliyotoka 2015 ni nyembamba zaidi, mita 1.625, na kwa Mji wa Kale hizo sentimita saba si mchezo. Sisi tungeipa Solio kura. Roomy isiyo na turbo ina injini ya lita moja, sawa kabisa kwa mjini, lakini ukiijaza watu na mizigo kuelekea Nairobi utaisikia ikilalamika.

Sasa milango

Hapa ndipo pesa ya gari hili inapoonekana. Mlango wa kawaida unataka nafasi pembeni ili ufunguke. Kwenye njia ya mita mbili na nusu, gari likiwa katikati, unabaki na sentimita arubaini kila upande. Mlango utagonga ukuta kabla mtu mzima hajatoa mguu. Mlango wa kuvuta, kama ule wa matatu, unarudi nyuma ukikumbatia gari. Sienta, Freed, Solio na Roomy zote zina milango ya nyuma ya kuvuta pande mbili. Toyota Porte ina mmoja tu, upande wa kushoto, lakini ni mkubwa, na kwa kuwa sisi huendesha kushoto, abiria anashukia pembeni mwa barabara, si mbele ya bodaboda.

Ila dereva na wa mbele bado wana milango ya kawaida (isipokuwa huyo abiria wa Porte). Kwa hivyo dereva ajipange: sogeza gari kushoto, ujiachie nafasi kulia.

Milango mingi ya aina hii ni ya umeme. Ukiwa yadi, ifungue na kuifunga mara kumi, kisha uizime ujaribu kwa mkono. Pitisha kidole kwenye reli ya chini. Hewa yetu ya chumvi haina huruma, na kutu ikianza hapo mlango utakwama siku una haraka.

Viti vya nyuma kabisa pia si sawa. Vya Sienta hukunjwa vikaingia chini ya viti vya kati, sakafu inabaki wazi. Vya Freed hunyanyuliwa vikaning'inia pembeni. Kwa mtungi wa gesi na mikoba ya sokoni, ya Sienta inatupendeza zaidi. Lakini mkikaa saba, buti karibu haipo kwa zote mbili, muuzaji akisema nini.

Kama mnavuka Likoni, lijaribu likiwa na watu ndani. Gari lenye bampa ya urembo iliyoshuka huweza kuparuza pale pa kuingilia feri.

Kuhusu umri, Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kwa 2026 hiyo ni 2019 kuja mbele. Na injini ya Sienta na Freed ni cc 1,496, chini ya 1,500, ambapo ushuru wa bidhaa kwa gari la petroli ni asilimia 20, si 25.

Na pesa je?

Umepata gari, bei ni tamu, muuzaji anasema kuna mtu mwingine njiani, tuma deposit sasa hivi. Simama hapo hapo. Gari la bei ya ajabu ambalo "liko bandarini linangoja kulipiwa tu" ni hadithi ya zamani, na pesa ikishatolewa kwa wakala ni vigumu sana kuirudisha.

Kwanza lione kwa macho. Pili, tafuta rekodi za gari kwenye huduma za NTSA ndani ya eCitizen, ulinganishe jina la mwenye gari na kitambulisho cha anayekuuzia, na namba ya chesisi na ile iliyo kwenye gari. Kama ni yadi, lipa kwa Till au Paybill ya biashara, na usome jina linalotokea kabla hujathibitisha malipo. Jina likiwa la mtu binafsi usiyemjua, acha.

Kumbuka muamala mmoja wa simu haupiti Sh250,000, na kwa siku Sh500,000. Kwa hivyo simu inafaa kwa deposit, salio kubwa lipitie benki. Weka mkataba ulioandikwa unaosema deposit ni kiasi gani na inarudishwa lini.

Salio la mwisho liende muuzaji akishaanzisha uhamisho kwenye akaunti yake ya eCitizen na wewe umeuona kwenye yako. Ada za serikali hulipwa kwa Paybill 222222. Mtu akikupa namba nyingine ya "kuharakisha," usitume, tupigie kwanza.